Siku 17 baada ya upasuaji, choo bado kigumu: nishike ushauri wa nani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 47, niko Morogoro. Nilitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, nilipasuliwa tumboni, na leo ni siku ya 17. Choo cha kwanza nilikipata siku ya tano. Tangu hapo nimekwenda mara tatu tu, tena vigoroli vigumu kama vya mbuzi, na sasa ni siku ya tano sijapata kitu. Hewa inatoka na sitapiki, ila tumbo limejaa na hamu ya kula imekwisha. Natumia tramadol mara tatu kwa siku, vidonge vya kuongeza damu mara mbili, na omeprazole ya kupunguza asidi tumboni. Naogopa kusukuma, nahisi nyuzi zitaachia, kwa hiyo nimepunguza kula na kunywa ili nisiitwe chooni. Wifi yangu ameniletea mafuta ya nyonyo na shubiri. Jirani anasema nipigwe bomba la maji ya sabuni. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Umeandika vizuri, umetaja siku, dawa na hata umbo la choo, na hilo limenisaidia kuliko unavyodhani. Jibu fupi ni kwamba usishike la wifi wala la jirani, na hilo la kupunguza kula na kunywa liache leo hii. Sasa nikueleze kwa nini, na ufanye nini badala yake.

Kwanza tuone kama hali yako inaweza kusubiri. Asubuhi kwenye raundi ya wodini, mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huulizwa, "Umetoa hewa?" Wauguzi wa zamani hawazunguki: "Mama, umejamba?" Nimeona wanawake wazima wakijifunika shuka usoni kwa aibu, na mume kando ya kitanda akitazama dirishani. Lakini swali lile si la utani. Hewa ikipita, mara nyingi ina maana utumbo unatembea na njia haijaziba. Wewe hewa inatoka, hutapiki, hujataja homa. Kwa maelezo hayo naona choo kilichokauka na kukwama, sioni utumbo uliojifunga. Kinatibika ukiwa nyumbani.

Lakini ukianza kutapika, hasa matapishi ya kijani au ya njano, au hewa ikakoma na tumbo likavimba na kukaza kama ngoma, usiendelee kusoma ushauri wangu wala wa mtu mwingine. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na usimeze dawa yoyote ya kuharisha kabla ya kuonwa. Fanya hivyo pia ukipata homa ya nyuzi 38 na kuendelea, maumivu makali yasiyotulia, damu mbichi ukeni ya kulowesha pedi, au ukishindwa kukojoa. Na kidonda kikitoa ghafla majimaji mengi ya rangi ya waridi, hata bila maumivu, nenda. Hayo majimaji watu huyadharau kwa sababu hayaumi, wanaweka pamba na kulala, kumbe ndiyo dalili kwamba mshono wa ndani unaachia.

Sasa hofu yako ya nyuzi, maana naona ndiyo inayoendesha mambo yote hapo nyumbani kwako.

Mshono unaouona juu ya ngozi si unaobeba mzigo. Chini ya ngozi kuna mafuta, na chini ya mafuta kuna utando mweupe, mgumu, unaoshikilia misuli ya tumbo. Ukiugusa kwa kibano wakati wa upasuaji unahisi kama turubai. Huo ndio tunaoushona kwa uzi imara unaodumu na nguvu zake kwa wiki kadhaa, tukijua kabisa kwamba mgonjwa atakohoa, atapiga chafya, atacheka na atakwenda haja. Kikohozi kimoja kikubwa hupandisha presha ndani ya tumbo pengine kuliko kusukuma choo laini. Ulishakohoa tangu utoke hospitali, na nyuzi zipo.

Hiyo si ruhusa ya kukaa chooni nusu saa ukikamua mpaka mishipa ya shingo itoke. Ulipotolewa kizazi kuna mshono mwingine usiouona, juu kabisa ya uke, na huo nao hautaki presha ya muda mrefu. Kukamua sana pia huleta bawasiri na mpasuko wa njia ya haja kubwa, na ukishapata mpasuko utaogopa choo mara mbili zaidi. Kwa hiyo hofu yako si ya kipuuzi, ila umeielekeza pasipo. Kinachohatarisha mshono wako ni choo kigumu, na wewe kwa kuogopa umekuwa ukikifanya kigumu zaidi. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Unapobana haja leo na kesho, unaendelea kunyonya. Kinachosubiri siku ya tano ni kikavu kuliko cha siku ya pili, na kitauma zaidi kutoka.

Kwa nini basi siku ya 17, wakati wenzako wodini walishasahau mambo haya? Siku za kwanza baada ya kupasuliwa, utumbo wa kila mtu hupigwa butwaa. Umeguswa, umesogezwa, mgonjwa hajala, ana dripu, amelala chali. Utumbo mwembamba huamka ndani ya siku moja hivi, tumbo la chakula siku moja hadi mbili, na utumbo mpana ndio mvivu, huchukua kama siku tatu. Kwako hayo yalishapita. Choo chako cha siku ya tano kilikuwa cha mtu ambaye utumbo wake umeamka. Kilichoufunga tena kipo kwenye mfuko wako wa dawa na kwenye sahani yako.

Mshukiwa wa kwanza ni tramadol. Yeye na ndugu zake, mofini, kodeini na pethidini, hutuliza maumivu kwa kukaa kwenye vipokezi fulani vya ubongo na uti wa mgongo. Bahati mbaya vipokezi vya namna hiyohiyo vimejaa kwenye ukuta wa utumbo. Dawa ikifika pale, yale mawimbi yanayosukuma chakula mbele yanalegea, majimaji yanayomwagwa ndani ya utumbo yanapungua, na ile misuli inayofunga njia ya haja kubwa inakaza. Wengi hudhani mwili utazoea. Kichefuchefu na kusinzia mwili huzoea baada ya siku chache. Kufunga choo hauzoei. Utameza wiki ya tatu na choo kitafunga kama cha wiki ya kwanza.

Hapa ndipo ninapokasirika, na sikukasirikii wewe. Mtu akiandikiwa dawa ya aina hii kwa zaidi ya siku mbili tatu, anapaswa kutoka dirisha la dawa na dawa ya kulainisha choo mkononi, isipokuwa kama kuna sababu ya kumnyima. Katika orodha yako siioni. Najua inavyosahaulika kwa sababu nami niliwahi kusahau, tena mwilini mwangu mwenyewe. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili kwa upasuaji nilikuwa tayari daktari. Nilichomwa pethidini, nikarudi nyumbani na vidonge vya kodeini. Usiku wa siku ya sita nilikaa chooni gizani nisiamshe watu, kiganja kimoja kwenye vigae vya ukutani na kingine kwenye kidonda, jasho likinitiririka mgongoni. Mama alikuwa nje ya mlango akiniita jina kila dakika. Hakuna aliyeniandikia dawa ya choo, na mimi niliyekuwa nikiandikia wengine sikuwaza kuuliza. Tangu usiku ule siandiki dawa ya jamii hiyo bila kuweka ya choo chini yake.

Mshukiwa wa pili ni vidonge vya damu. Madini ya chuma hukausha choo na kukifanya cheusi. Weusi huo usikutishe, isipokuwa kikiwa cheusi cha kung'aa, laini, kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida. Hicho ni damu kutoka juu, na ni cha hospitali. Omeprazole simwoni kuwa tatizo kubwa hapa. Mwache mpaka uonane na daktari wako.

Mshukiwa wa tatu ni kula kidogo na kutokunywa. Hilo tutalifikia.

Sasa kazi ya leo. Tunaanzia chini, si juu. Wewe umejaa karibu na mlango. Ukimwagia maji mengi karo lililoziba, yanafurika, na ndivyo itakavyokuwa ukimeza dawa kali ya kuharisha juu ya choo kilichoganda: tumbo litasokota na mlango utabaki umefungwa. Angalia kwanza karatasi uliyoruhusiwa nayo hospitali, au piga simu wodini, uulize kitu kimoja tu: wakati wa upasuaji, utumbo uliguswa kwa kushonwa au kukatwa? Kama uliguswa, usiingize chochote njia ya haja kubwa bila ruhusa ya aliyekupasua. Kama haukuguswa, na kwa mwanamke aliyetolewa kizazi mara nyingi hauguswi, nenda duka la dawa ueleze hali yako, uulize dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa, ile yenye umbo la risasi. Kuna ya gliserini, inayolainisha na kutelezesha, na kuna ya bisacodyl ya miligramu 10, inayoamsha misuli ya utumbo. Kwa choo kigumu kama chako ningeanza na gliserini.

Namna ya kuiweka ina maana yake. Nawa mikono, ilowanishe dawa kwa maji kidogo, lala kwa ubavu wa kushoto, kunja goti la juu, kisha isukume taratibu kwa kidole mpaka ipite ule mkazo wa mlangoni. Iegemee ukutani, isichomeke katikati ya choo chenyewe, maana ikizama ndani ya choo haifanyi kazi yake vizuri. Kaa umelala kwa dakika 15 hadi 30 kama utaweza, kisha nenda. Kama hakuna kilichotoka, kesho yake unaweza kutumia ya bisacodyl. Mara nyingi hiyo huita ndani ya saa moja, kwa hiyo usiiweke ukiwa unajiandaa kutoka.

Kutoka juu, anza leo usiku dawa ya kulainisha. Inayopatikana kwa urahisi kwenye maduka mengi ni lactulose, ile ya maji matamu. Mtu mzima huanza na mililita 15 asubuhi na 15 jioni. Haifanyi kazi leo. Hungoja siku moja hadi mbili kwa sababu inavuta maji taratibu ndani ya utumbo, na siku za kwanza huleta gesi. Vumilia. Kama una kisukari mweleze mfamasia kwanza. Mlango ukishafunguka, na kama bado unatumia tramadol, ongeza kidonge cha bisacodyl cha miligramu 5 wakati wa kulala. Huchukua saa 6 hadi 12, kwa hiyo ukimeza saa tatu usiku, asubuhi utaitwa. Usikimeze na maziwa wala dawa ya kiungulia ya kunywa, kwa sababu gamba lake limetengenezwa liyeyukie kwenye utumbo, na vitu hivyo huliyeyusha mapema likakuchoma tumbo.

Wengi huniuliza kama dawa hizi "zinazoea mwili". Kwa wiki mbili tatu za kupona, hapana. Tumia mpaka siku kadhaa baada ya kuacha tramadol, kisha punguza. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kupata choo kimoja kizuri, kufurahi na kuacha dawa, huku tramadol ikiendelea. Wiki inayofuata yuko palepale.

Tuje kwa tramadol yenyewe. Siku ya 17, maumivu ya kidonda cha tumbo kwa kawaida yameshuka sana, na huenda unaimeza kwa mazoea ya saa. Jiulize kwa kila kidonge: nikikichelewesha saa mbili, itakuwaje? Ongea na daktari wako kuhusu kuishusha hatua kwa hatua, kwa mfano utoe kwanza ya mchana, baada ya siku mbili tatu utoe ya asubuhi, ubaki na ya usiku, kisha uache. Usikate zote kwa mkupuo baada ya zaidi ya wiki mbili, unaweza kukosa usingizi, kutoka jasho na kupata wasiwasi. Msingi wa dawa yako ya maumivu sasa uwe paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 8, kama ini lako halina tatizo. Haifungi choo. Ukiona paracetamol peke yake haikufikishi popote na maumivu yanapanda siku hadi siku, hilo si la kuongezewa tramadol. Ni la kukaguliwa kidonda.

Vidonge vya damu usiviache kimyakimya, mwili wako unavihitaji. Muulize daktari kama unaweza kumeza kimoja siku moja na kuruka siku inayofuata. Ukishameza chuma, kwa takriban saa 24 mwili hupunguza kupokea kingine, kwa hiyo cha pili cha siku hiyo sehemu kubwa inaishia chooni na ndiyo inayokusumbua. Na usimeze na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza na maji au juisi ya chungwa, chai ije saa moja au mbili baadaye.

Nimefika kwa wifi. Amekuletea kwa upendo, mpokee na umshukuru, ila weka kabatini. Mafuta ya nyonyo na shubiri hufanya kazi kwa kuuchokoza utumbo ujibane kwa nguvu. Kwako, mwenye kizuizi chini na mshono wa siku 17 juu, kujibana huko ni maumivu tu, halafu kuharisha maji usiku kucha na kupoteza maji ambayo tayari huna. Shubiri haina kipimo kinachojulikana, kijiko cha mtu huyu si kijiko cha yule. Bomba la maji ya sabuni ni baya zaidi. Sabuni inaweza kuunguza ukuta laini wa utumbo ukawa na vidonda na kutoa damu, na ncha ya bomba mikononi mwa asiyejua imewahi kutoboa watu. Kama itahitajika kusafishwa kwa maji, utasafishwa hospitali.

Na kwa kuwa najua nyumba zetu, nitaje mawili ambayo hukuyauliza. Kama kuna shangazi anayetaka kukukanda tumbo kwa maji ya moto kama mzazi, mwambie daktari amekataa. Nitaje mimi. Kidonda hiki hakikandwi. Na mkaja, kama umefungwa, usiwe wa kukata pumzi. Kitambaa cha kushikilia tumbo unapotembea kinasaidia, lakini uliokazwa toka asubuhi hadi jioni unakunyima pumzi ya kina na kukuondolea hamu ya kula. Ufungue ukiwa umelala.

Chakula sasa. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, wodi hujaa mahotipoti. Nimeyafunua mengi kwa ruhusa ya wenyewe, na ndani ni yaleyale: mtori, wali mweupe, nyama ya kuchemsha, chapati mbili, chupa ya chai ya maziwa. Vyote vimepikwa kwa mapenzi, na ndani yake huoni jani la kijani wala tunda, na maji ni chupa moja inayonyweka kwa siku mbili. Nyumbani inaendelea hivyohivyo, kwa imani kwamba mgonjwa ni wa vyakula laini. Kulainika mdomoni hakuna uhusiano na kulainika chooni. Uji wa sembe ni laini kabisa na hauachi kitu cha kusukumwa, kwa sababu pumba zote zilibaki mashineni.

Kwako ningebadilisha hivi. Uji uwe wa dona au ulezi. Papai lililoiva vipande kadhaa kila asubuhi, na Morogoro papai si la kutafuta. Parachichi moja kwa siku, ambalo la wastani lina kama gramu 10 za nyuzinyuzi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Mchicha, matembele au bamia kwenye chakula cha mchana na cha usiku, visipikwe mpaka vikawa rojo. Juisi ya ukwaju, ya kwako isiyo na sukari nyingi. Unga wa ubuyu kijiko kimoja kwenye uji. Maharage anza kidogo, vijiko vitatu vinne, kwa sababu gesi juu ya mshono inauma.

Ila sikiliza mpangilio: mlango ufunguke kwanza, ndipo nyuzinyuzi ziongezeke, na ziongezeke pamoja na maji. Nyuzinyuzi bila maji, kwa mtu anayetumia tramadol, zinageuka tope linalokauka. Hii ndiyo sababu siupendi kwako ule unga wa kuvimba unaouzwa kwa watu wenye choo kigumu, angalau mpaka umalize tramadol. Kiasi cha maji, kama moyo na figo zako hazina tatizo, lenga lita mbili hivi, supu na uji vikiwemo. Weka chupa ya lita moja kando ya kitanda asubuhi, iishe kabla ya adhuhuri, ijazwe tena. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, bado hujanywa.

Saa ya kwenda chooni nayo ni dawa. Tumbo likipokea chakula, hasa cha asubuhi baada ya usiku mzima, hutuma ujumbe kwa utumbo mpana usogeze ulichonacho. Ujumbe huo huja ndani ya nusu saa hivi. Kwa hiyo kunywa uji wa moto, tembea uani, kisha nenda chooni hata kama hujaitwa, ukae dakika 5 hadi 10 tu. Kisipotoka, inuka. Na ukiitwa saa nyingine yoyote, nenda saa ileile. Usisubiri mgeni aondoke.

Sijui choo chenu ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa ndiko kunakonyoosha njia vizuri, wazee wetu hawakukosea, lakini kwa kidonda chako kushuka ni shida na kuinuka ni shida zaidi. Kama ni cha kuchuchumaa, mwambie fundi akate tundu kwenye kiti cha plastiki, alainishe kingo, kiwekwe juu ya shimo. Kisha weka kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu kuliko nyonga. Inama mbele, viwiko juu ya mapaja. Chukua kanga, ikunje mara nne, ikandamize kwa kiganja juu ya kidonda, hivyohivyo unavyofanya ukikohoa. Halafu usibane pumzi. Vuta pumzi mpaka tumbo litanuke, itoe mdomoni taratibu kama unayepuliza uji, na sukuma ukiwa unaitoa. Presha inakwenda chini bila kugonga mshono. Jaribu hata ukiwa umekaa kitandani, utaona tumbo linavyofanya kazi bila kukaza shingo.

Kutembea sitakueleza sana kwa sababu najua uliambiwa. Dakika 10 mara nne kwa siku ni bora kuliko 40 kwa mkupuo. Usinyanyue ndoo.

Tulichokilenga ni nini? Si choo cha kila siku. Mtu mzima mwenye afya anaweza kwenda mara tatu kwa siku au mara tatu kwa wiki. Angalia umbo. Mwaka 1997 madaktari wa Bristol, Uingereza, walichapisha chati ya aina saba za choo ambayo mpaka leo tunaitumia. Namba 1 ni hivyo vigoroli vyako. Namba 4 ni laini, kirefu, kama ndizi iliyoiva. Ukifika namba 4 bila kukamua, hata kwa siku moja kuruka moja, umefika. Ukivuka na kuwa uharo, punguza lactulose kwa nusu.

Jambo moja la kuangalia katikati ya safari: ukiona majimaji machafu yanavuja bila wewe kupata choo chenyewe, usidhani umefunguka ukaacha dawa. Mara nyingi ni maji yanayopita pembeni ya choo kilichoganda. Hapo, au ukimaliza siku tatu za mpango huu bila kupata choo, nenda kituo cha afya. Mtoa huduma atapima kwa kidole kilichovaa glavu, na ikibidi atakitoa kwa mkono baada ya kukilainisha. Si jambo la aibu wala adhabu. Nimewafanyia wengi, na wengi hulala usingizi mzito jioni ileile.

Chukua dawa zako zote, hata za wifi, uziweke kwenye mfuko mmoja siku ya kliniki na uzimwage mezani kwa daktari. Leo anza na simu ya wodini na glasi mbili za maji.